Midomo Iliyopishana

Kwa kawaida kifaranga hakai mkononi mwa Macho hata muda wa mtu kupiga chafya. Anamwokota kwenye trei, anamgeuza, anatazama kitovu kama kimefunga na miguu kama imenyooka, anamtia boksini na kumchukua mwenzake. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Alipewa na mjomba wake, mwenye kiwanda cha vifaranga, siku alipomwona akimtambua kifaranga kipofu katikati ya trei iliyojaa kabla hata hajamgusa. "Huyu ana macho," mjomba alisema, na tangu siku hiyo jina la kuzaliwa likabaki la kuandikia vyeti tu.

Sasa asubuhi moja akamwokota kifaranga, akakaa naye. Mdomo wa juu ulielekea kulia, wa chini ukaelekea kushoto, kama mkasi uliolegea msumari. Macho aliugusa kwa ncha ya kidole akidhani ni kipande cha ganda kimenasa. Hakuna kilichonasa. Kwingine kote kifaranga alikuwa mzima, manyoya makavu, sauti kali, anarusha mateke kama mwenye haraka zake. Akamweka kando. Kabla trei haijaisha alikuwa ameshawaweka kando wengine wawili, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshikilia tumbo bila yeye kujua umefikaje huko. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita.

Alijiambia asiwe mjinga. Mwenye mimba huogopa hata kivuli chake, na kifaranga ni kifaranga. Lakini hofu haisikii maneno ya namna hiyo, nayo ilishamwingia.

Inafaa nimweleze huyu mjomba, maana bila yeye hakuna hadithi. Alikuwa kaka yake mama yake Macho, na alikuwa pia baba mkwe wake, kwa sababu Macho ameolewa na mwanawe, yule wanayemwita Fundi, anayetunza mashine za kutotolesha. Watu wa mtaa mzima walimwita Mjomba, hata wazee kuliko yeye. Alikuwa mcheshi, mkarimu, mtu wa kubeba wagonjwa kwenye gari lake bila kuombwa. Na alikuwa na jogoo.

Bwana Mkubwa, ndivyo alivyomwita, alikuwa mwekundu, mpana wa kifua, mwenye mwendo wa kudai heshima. Watu wengine wakitaka kumjua jogoo mwema wanapima kimo na uzito wa binti zake. Mjomba alikuwa na njia yake aliyorithi kwa baba yake: jogoo anarudishwa kwa binti zake, halafu anarudishwa kwa wajukuu wake, na akizidi kutoa vifaranga wanaofanana naye, basi amefaulu. Jogoo wa nje hakukanyaga banda lile tangu Macho akiwa mtoto. "Nikitaka maji kwenye damu yangu, nitachota bombani," Mjomba alipenda kusema, na wateja wakacheka, wakanunua, kwa sababu kweli vifaranga wake walifanana kama njugu.

Wale vifaranga watatu Macho alimwonyesha. Mjomba aliwatazama, akawatia kwenye boksi tupu lililokuwa karibu na mlango wa nyuma.

"Mashine imepata joto," alisema. "Mwambie mumeo aache kulala kazini."

Ndani ya boksi lile hapakuwa na maji wala chakula. Hiyo pia ilikuwa kanuni ya zamani. Kifaranga asiyeweza kula mwenyewe halazimishwi.

Basi Fundi akahangaika na mashine zake. Alibadilisha vipima joto, akaziba nyufa za milango, akapanga upya trei zinazojigeuza. Maskini, aliacha hata kula mchana. Kila walipototoa, midomo iliyopishana ilikuwemo, na wengine waliotoka wakiwa sawa walianza kupinda wakiwa tayari chini ya taa kwenye chumba cha kulelea. Baba yake alimsema mbele ya wateja, naye akainamisha kichwa. Fundi alikuwa mtu wa kuinamisha kichwa.

Mwishowe Mjomba, baada ya kubishana na kila mtu, akakubali daktari wa mifugo aje. Alikuja mwanamke kijana mwenye buti za mpira na sauti ya taratibu. Hakuanza na mashine. Aliomba jambo ambalo Mjomba aliliona la kitoto: mayai ya banda lake yapelekwe kwenye mashine ya jirani wa ng'ambo ya barabara, mwanamke anayetotoleshea watu mayai yao, na mayai ya yule jirani yaje kwenye mashine ya Fundi.

Mjomba alicheka. "Sawa, daktari. Tucheze."

Walipototoa, mashine ya Fundi iliyokuwa ikitukanwa ilitoa vifaranga wa jirani, wote midomo sawa. Ng'ambo ya barabara, kwenye mashine ambayo haikuwahi kulaumiwa, wa ukoo wa Bwana Mkubwa walitoka wengine wamepinda kama kwao. Fundi alisimama katikati ya chumba akifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa safi tayari. Hakuna aliyemwomba radhi.

"Si joto, mzee," daktari alisema uani. "Naona ni urithi. Midomo kupinda kuna sababu nyingi, na si zote tunazijua vizuri. Lakini hapa tatizo linafuata mayai, halifuati mashine. Jogoo wako amebeba kitu."

"Jogoo wangu mdomo wake umenyooka."

"Ndiyo. Amebeba, hajaonyesha. Na binti zake wamebeba kutoka kwake, nao hawajaonyesha. Kifaranga akipata kile kitu upande wa baba tu, unaweza usione lolote. Akikipata kwa baba na kwa mama, ndipo kinatokea. Ukiendelea kumrudisha kwa wanawe, unavikutanisha kwa mikono yako."

Macho ndiye aliyeuliza.

"Kwa hiyo mtu akiwatazama wazazi, haoni kitu?"

"Haoni, dada. Hata mwenye macho yako."

Mtoto aligeuka tumboni, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kumsikia akicheza, Macho hakufurahi. Alimsindikiza daktari hadi getini, akijifanya anafunga mnyororo.

"Na kwa watu?" aliuliza.

Daktari alimtazama usoni, kisha tumboni, kisha usoni tena. "Mimi ni daktari wa kuku, dada. Mumeo ni nani kwako?"

"Mtoto wa mjomba."

"Wengi wameoana hivyo na watoto wao ni wazima. Hatari inaongezeka, lakini kidogo. Usikeshe kwa ajili hiyo." Akasita, mkono kwenye mlango wa gari. "Ila kama ni kizazi juu ya kizazi, inaongezeka zaidi. Nenda kliniki waambie. Na uulize nyumbani kama kuna aliyewahi kuzaliwa na kasoro."

Kizazi juu ya kizazi. Mama mkwe wake alikuwa binti wa baba mdogo wake Mjomba. Bibi na babu waliomzaa Mjomba na mama yake Macho, nao walikuwa hivyohivyo. Watu wa ukoo ule walijisifu kwamba harusi zao hazina upande wa bwana wala upande wa bibi, wote wanakaa pamoja. Macho alikuwa amelisema hilo mara ngapi, tena kwa kicheko. Sasa alisimama getini bila kicheko.

Mama mkwe alikuwa kwenye chumba cha mayai, akiyafuta moja moja kwa kitambaa kilicholowa. Macho aliketi mkabala naye, akachukua yai, akalifuta zaidi ya lilivyohitaji.

"Mama, kwenye ukoo wetu kuna mtoto aliyewahi kuzaliwa na kasoro ya mdomo?"

Mkono wa mama mkwe ulisimama. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, anayeweza kusimulia safari ya kwenda dukani ikachukua asubuhi yote, na sasa alilitazama yai tu. Macho alitamani asingeuliza.

"Nani kakwambia?" mama aliuliza hatimaye.

"Hakuna aliyeniambia. Ninauliza."

"Kabla ya kaka yake Fundi nilizaa msichana." Aliweka yai chini polepole. "Mdomo sungura. Hapa pamepasuka mpaka puani, na ndani kwenye kaakaa napo wazi. Nikimnyonyesha hawezi kuvuta. Nikimkamulia, maziwa yanatokea puani, anapaliwa. Nilitaka kumpeleka hospitali ya mbali, nimesikia kuna wanaojua. Mjomba wako akasema asilazimishwe."

Macho hakusikia tena kelele za mashine wala za banda.

"Alisema nini?"

"Asilazimishwe. Usinitazame hivyo. Hakuwa mkatili. Alilia kuliko mimi. Alikaa mlangoni analia, lakini mlango hakuniachia."

"Alikaa muda gani huyo mtoto?"

"Hilo usiniulize." Mama alichukua yai lingine. "Tukasema amezaliwa mfu. Hata wanangu hawajui. Na wewe hujui."

Siku zile zilizofuata Macho aliishi roho mkononi. Alikwenda kliniki, akalala kitandani, wakampaka mafuta ya baridi tumboni na kuhangaika na kile chombo chao huku na huku. Moyo wa mtoto mzuri. Mgongo mzuri. Uso hauonekani, mtoto ameufunika kwa mkono. Walimwambia ageuke upande, akageuka. Atembee kidogo arudi, akatembea, akarudi. Mkono ulibaki palepale. "Ana aibu huyu," muuguzi alisema na kucheka, na Macho alijitahidi kucheka naye. Waliandika kwamba azalie hospitali kubwa, wakamweleza kwamba hata mdomo ukiwa umepasuka, upasuaji upo na mtoto anapona. Aliyakumbuka maneno hayo kila alipoamka. Lakini kabla ya upasuaji mtoto anapaswa kula, na wa kumlisha atakuwa nyumbani, na nyumba ina mwenyewe.

Akaanza kujifunza. Nyuma ya ghala la chakula kulikuwa na banda dogo la mbao ambalo halikutumika. Aliokota vifaranga waliotupwa kwenye boksi la mlango wa nyuma, akawahamishia huko chini ya kanga zake kuukuu. Alilowesha chakula kikawa uji, akakiweka kwenye chombo chenye kina ili mdomo uliopinda uzame na kuchota. Wale waliopinda sana aliwadondoshea kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone, asubiri wameze, tone lingine. Mwanzoni walipaliwa. Wawili walifia mkononi mwake, naye akaketi chini kana kwamba ameua mtu. Halafu akajua namna ya kuwainua kichwa, akajua kasi yao, na vifaranga wakaanza kunenepa. Mmoja alikuwa akimsikia tu anapofungua mlango, anakuja mbio na mdomo wake wa ajabu umeachama. Macho alimpenda, na akaogopa kwamba anampenda.

Kwa mumewe hakusema. Alijaribu mara moja.

"Mtoto wetu akitoka na kasoro, tutafanyaje?"

"Tutamtibu," Fundi alisema, anashangaa.

"Na Mjomba akisema vingine?"

"Baba? Baba hawezi kusema vingine." Alisema hivyo kama mtu anayesema jua litachomoza, na Macho akaona kwamba mumewe hajui lolote kuhusu nyumba aliyozaliwa. Na Macho alikuwa ameagizwa na mama mkwe asimwambie.

Mjomba aligundua banda alasiri moja, Macho akiwa amepiga magoti na kifaranga mkononi. Kwanza aliona viatu vyake. Hakuinua kichwa mara moja. Alimalizia tone lililokuwa kwenye bomba, kwa sababu kifaranga alikuwa amekwisha kufungua mdomo.

"Hawa wanaishi?" Mjomba aliuliza.

"Wanaishi."

"Nani anawalisha?"

"Mimi, Mjomba."

Aliinama kwa shida, maana magoti yalikuwa yanamsumbua, akamchukua yule aliyekuwa akija mbio. Alimshika vizuri, kwa mkono wa mtu aliyeshika vifaranga maisha yake yote. Alimpapasa mdomo kwa kidole gumba, juu, chini. Uso wake ulilegea, na Macho aliona kitu ambacho hakukitarajia, nacho kilimtisha zaidi ya hasira. Mjomba alikuwa na machozi.

Halafu alilitazama tumbo la Macho.

"Usijizoeshe, mwanangu," alisema kwa upole. "Ukijizoesha, hutaweza tena."

Alimrudisha kifaranga chini, akaondoka. Asubuhi iliyofuata banda lilikuwa tupu, limefagiwa, na hata chombo cha uji kilikuwa kimeoshwa, kimefunikwa kifudifudi ili kikauke. Macho alikwenda chooni, akafunga mlango, akaziba mdomo kwa upindo wa nguo ili asisikike.

Kitu kimoja tu Mjomba alikubali kutokana na maneno ya daktari. Alimtenga Bwana Mkubwa peke yake. "Mpaka tuone," alisema. Hakusema mpaka waone nini, na Macho alijua, na nadhani mama mkwe alijua. Nyumba nzima ikawa inatazama tumbo lake. Wakimpisha njia, wakimletea kiti, wakimpunguzia kazi, aliona ni macho yaleyale anayotumia yeye juu ya trei.

Uchungu ulimshika akiwa kazini, wakamwahisha hospitali. Sitasimulia yaliyopita katikati. Waliozaa wanayajua na wasiozaa hawataamini. Mtoto alipotoka, kabla ya kuuliza kama ni wa kike au wa kiume, Macho aliuliza, "Mdomo?"

"Mdomo upo," mkunga alisema. "Huusikii unavyopiga kelele?"

"Nionyeshe."

Wakamwekea kifuani. Msichana. Macho alipitisha kidole juu ya mdomo, akakirudisha, akakipitisha tena. Akakitia ndani, akapapasa kaakaa lote, mbele mpaka nyuma, likiwa gumu na la joto na limefunga. Mtoto alikikamata kidole akakivuta kwa nguvu. Macho akalia kilio ambacho mkunga alidhani ni cha maumivu, akamuuliza anaumia wapi.

Jamaa walikuja siku ya pili, wakajaza chumba. Mama mkwe alimfunua mtoto uso, akamwangalia kwa muda, akaenda kusimama dirishani akiwapa mgongo. Kaka yake Fundi alikuwepo na mkewe, na mtoto wao wa kiume aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, anashika kila kitanda. Fundi alikuwa anacheka tu, hana neno lingine.

Mjomba ndiye aliyembeba. Alimpeleka kwenye mwanga, akamtazama mdomo, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua gunia alilobeba miaka.

"Mzima," alisema. Kisha kwa sauti ya kusikika na wote, "Mzima kabisa. Mnaona? Damu haina tatizo. Yule daktari anatutisha bure na vitabu vyake. Kesho Bwana Mkubwa anarudi kwa binti zake."

Watu wakaitikia. Macho alitaka kusema kwamba daktari alisema mzima anaweza kubeba bila kuonyesha. Hakuwahi.

Mjomba akamwinamia yule mtoto wa kiume aliyeshikilia kitanda, akamshushia kichanga kwenye usawa wa macho yake. "Na wewe njoo umwone mkeo. Huyu ni wako, sikia? Haendi kwa mtu wa nje huyu. Mshike mkono."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama wa yule mtoto alipiga vigelegele vya chinichini, kwa kuogopa wauguzi. Fundi alicheka mpaka akafuta macho. Mtoto wa kiume alimshika kichanga kidole, na wote wakasema aa.

Macho alimtazama mama mkwe. Mgongo ule dirishani haukugeuka.

"Nipe mwanangu, Mjomba," alisema.

"Anataka kunyonya," mtu alisema, na wakaanza kutoka mmoja mmoja, bado wanacheka, wanawaachia nafasi. Fundi peke yake alibaki. Macho alimshika mtoto kwa mikono yote miwili, kwa nguvu kiasi kwamba mtoto alilalamika. Ile miezi yote alikuwa ameogopa kitakachotoka tumboni mwake. Kumbe hicho kilikuwa kidogo.

"Na wewe umecheka," alimwambia mumewe.

"Si utani tu?" Fundi alisema. "Unamjua baba."

"Hata sisi walianza kwa utani. Nilikuwa na umri kama huu."

Fundi alibaki na kicheko usoni muda mfupi zaidi, hajui akiweke wapi. Kisha kikamwisha. Alimtazama mkewe, akamtazama binti yake aliyelala na mdomo wake mzuri umefunga, na Macho akaona kwamba sasa wanaogopa wawili.